Tairi la Gari Nyuma ya Gold Wing

Mjadala huu wote umezaliwa na saizi mbili za matairi: 180/60R16 na 195/55R16. Ya kwanza ni saizi ya tairi la nyuma la Honda Gold Wing GL1800, pikipiki kubwa ya safari ndefu iliyoingia sokoni mwaka 2001 ikiwa na injini ya silinda sita yenye ujazo wa cc 1,832. Ya pili ni saizi ya tairi la gari dogo la familia, tairi la kawaida kabisa katika maduka ya Marekani. Ukipiga hesabu, la kwanza lina kipenyo cha milimita 622 na la pili milimita 621. Mwenye Gold Wing akiingia dukani anakuta tairi la gari ambalo kwa kipenyo ni lilelile, kwa bei mara nyingi ni karibu nusu, na kwa umri wa barabarani huzidi lake mara mbili au tatu. Si ajabu akasimama pale akifikiri.

Wamarekani wengi walishafikiri, wakalinunua na kulifunga. Wenyewe husema wamehamia upande wa giza, msemo walioutoa katika filamu za Star Wars, na hupeana maarifa ya saizi zipi zinaingia, upepo ujazwe kiasi gani na tairi lipi linagusa mkono wa nyuma wa pikipiki. Mbele yao wamesimama Honda, viwanda vya matairi na gereji nyingi wakisema jambo moja: usifanye hivyo kamwe. Kila upande unanena kwa dhati, na kila upande una ukweli wake. Ugumu ni kwamba pande hizi mbili zinajibu maswali tofauti.

Tuanze na wanaofunga, kwa sababu mara nyingi hudhaniwa kuwa ni mabahili tu. Gold Wing peke yake ina uzito wa karibu kilo 400. Mpandishe mwendeshaji, mwenzake wa nyuma, na mizigo ya wiki mbili katika masanduku matatu, kisha iendeshe juu ya lami ya moto ya Texas mwezi wa Agosti kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa. Mzigo mkubwa unaliangukia tairi la nyuma. Ubavuni mwa tairi la pikipiki la saizi ile imeandikwa namba 74, maana yake linaruhusiwa kubeba kilo 375. Tairi la gari la 195/55R16 huandikwa 87, yaani kilo 545. Kwa anayesafiri na mzigo kamili, hizo kilo 170 za ziada ni hoja nzito.

Halafu kuna barabara zenyewe. Anayevuka Nebraska kwa barabara kuu ya Interstate 80 hukutana, kati ya Lincoln na Grand Island, na kipande cha takriban kilomita 116 kisicho na kona ya kuitwa kona. Tairi la pikipiki katika njia kama hiyo huliwa katikati tu, mabega yake yakibaki mapya. Baada ya muda ule mviringo wake unapotea na katikati panakuwa bapa, pakiwa na kingo mbili zinazohisika kila pikipiki inapolala. Wenye tairi la gari hutumia jambo hili kujitetea: tairi halali la pikipiki, likishatembea nusu ya umri wake kwenye barabara kuu, nalo huwa bapa. Wana haki. Pikipiki yenye tairi lililoliwa hivyo huingia konani kwa kusitasita, na wengi huendelea kulitumia kwa sababu kashata bado zinaonekana.

Kwa wasafiri wa masafa makubwa hesabu ni kali zaidi. Chama cha Iron Butt cha Marekani kina changamoto ya kuanzia ya maili 1,000 ndani ya saa 24, na mashindano yake makuu huchukua siku 11, ambapo wa mbele hutembea takriban maili 11,000, zaidi ya kilomita 17,000. Waendeshaji wa Gold Wing huzungumzia kilomita 15,000 hadi 20,000 kwa tairi la nyuma la pikipiki, na kilomita 40,000 hadi 60,000 kwa la gari. Katika safari ya namna hiyo, kubadili tairi katikati ya njia kunamaanisha kuisaka gereji iliyo wazi Jumapili katika mji usioujua, na kupoteza nusu siku.

Hoja yao nzito kuliko zote, hata hivyo, ni pancha. Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali za pikipiki katika eneo la Los Angeles, ajali zaidi ya 900 zilizochunguzwa papo hapo na ripoti 3,600 za polisi. Ubovu wa chombo ulisababisha ajali chini ya asilimia 3, na katika hizo chache, nyingi zilitokana na tairi kupata pancha na mwendeshaji kushindwa kuimudu pikipiki. Yapo matairi ya gari yenye ubavu ulioimarishwa ambayo hubeba gari kwa makumi ya kilomita hata upepo ukiisha wote, na saizi ya 195/55R16 inapatikana katika aina hiyo. Mtu aliyewahi kuponyokwa na tairi la nyuma huku mkewe akiwa amekaa mgongoni mwake hahitaji kuelezwa thamani ya tairi kama hilo. Hoja hii haiwezi kufutwa kwa onyo la kitabuni.

Sasa tuje kwenye umbo, kwa kuwa hapo ndipo kesi inapogeuka.

Gari hukata kona likiwa limesimama wima. Usukani huyageuza magurudumu ya mbele, mpira hujikunja kidogo pembeni, na kule kujikunja ndiko kunakozaa nguvu ya kulisukuma gari upande linakokwenda. Ndiyo maana tairi la gari ni bapa: linataka uso wake wote uwe juu ya lami muda wote. Pikipiki hukata kona kwa kulala. Tairi lake lina mgongo wa mviringo kutoka bega hadi bega, hivyo pikipiki ikilala digrii 10, 20 au 35, daima kuna sehemu ya mviringo iliyokutana na lami sawasawa. Zaidi ya hapo, tairi la mviringo lililolala lenyewe hutaka kwenda upande lililolalia, na nguvu hiyo ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuipitisha pikipiki konani.

Laza tairi bapa uone. Ukingo wa nje unanyanyuka kutoka kwenye lami, mzigo unahamia kwenye bega la ndani, na ubavu wa ndani unabonyea ili kuwapa mpira na lami nafasi ya kukutana. Picha zilizopigwa kutoka nyuma zinaonyesha hivyo waziwazi, na watetezi wa tairi la gari hawabishi. Wao husema kwamba ubavu ukibonyea vya kutosha, eneo linalogusa lami bado ni kubwa. Ni kweli kwa kiasi. Lakini eneo hilo sasa liko upande wa ndani, mbali na mstari wa kati wa gurudumu, na lami inapolisukuma tairi kutoka pale inataka kuisimamisha pikipiki. Mwendeshaji analazimika kuendelea kusukuma mkono wa usukani wa upande wa kona, tangu anapoingia hadi anapotoka. Waliofunga matairi haya hukubali kwamba usukani unakuwa mzito, kisha huongeza kwamba mtu huzoea baada ya siku chache.

Kuzoea kupo, na ushahidi wake ni mwingi. Barabara ya U.S. 129 mpakani mwa Tennessee na North Carolina, inayojulikana kama Tail of the Dragon, ina kona 318 ndani ya maili 11, kama kilomita 18. Gold Wing zenye tairi la gari zimepita pale, tena si kwa mwendo wa harusi. Hivyo anayesema pikipiki ya namna hii haiwezi kukata kona anasema jambo ambalo macho yanalikanusha.

Ila kona ya Tail of the Dragon inaonekana kabla hujaifikia. Mwendeshaji amejiandaa, amepunguza mwendo, amechagua mstari wake na kuilaza pikipiki taratibu. Kona inayoua si ile. Ni ile ya kukwepa: kulungu anayekurupuka kutoka kichakani, gari linalokatiza kutoka njia ya pembeni, kipande cha tairi la lori kilichoanguka katikati ya barabara. Hapo pikipiki inatakiwa ilale upande mmoja kwa nguvu na mara hiyohiyo ilale upande wa pili, yote ndani ya muda wa pumzi moja. Tairi la mviringo hubingirika kutoka bega hadi bega bila mkwamo. Tairi bapa lazima litoke kwenye bega la kwanza, lijibwage juu ya uso wake mpana unaong'ang'ania kubaki wima, kisha lisukumwe tena hadi kwenye bega la pili. Mikono inafanya kazi zaidi wakati ambao hakuna muda wa ziada. Jambo hili halipimwi kwa kilomita 50,000 za salama, kwa sababu katika kilomita hizo huenda halikuhitajika hata mara moja.

Lipo na tatizo dogo ambalo waendeshaji hulitaja zaidi kuliko hilo kubwa. Barabara haziko sawa kama meza. Zina mgongo katikati, zina mifereji iliyochimbwa na malori, zina kingo za zege pale njia mbili zinapokutana. Tairi bapa likikanyaga ukingo wa mfereji kwa upande mmoja, pikipiki inasukumwa kulala bila mwendeshaji kuomba. Kwa mwendo mdogo, hasa kuingia kituo cha mafuta au kugeuza kwenye maegesho yenye mteremko, kilo 400 zinazotaka kwenda zinakotaka ni mtihani wa miguu na wa moyo.

Kuhusu rimu, kelele ni nyingi na ufafanuzi ni mchache. Vitabu vya ufundi vya Honda vinakataza waziwazi kufunga tairi la gari kwenye rimu ya pikipiki, kwa maelezo kwamba mdomo wa tairi, ule ukingo wenye waya unaobana rimu, unaweza usikae vizuri, tairi likateleza na kupoteza upepo. Onyo hilo lina msingi katika vipimo. Rimu ya nyuma ya GL1800 ina upana wa inchi 5, ilhali viwango vya tairi la 195/55R16 vinataka rimu ya inchi 5.5 hadi 7. Mwanzo wa safari tayari umetoka nje ya mipaka ya aliyeliunda tairi. Waliofunga nyumbani huliingiza kwa kuzibana midomo miwili pamoja kwa vibanio vya plastiki, ujanja mzuri usiohitaji mashine. Tatizo huja wakati wa kujaza, pale mdomo unapokataa kuruka na kukaa mahali pake. Viwanda huonya kwamba tairi la gari lisijazwe zaidi ya psi 40 katika hatua hiyo, na wapo waliovuka hapo wakiwa wameinama juu yake. Waya wa mdomo ukikatika kwa upepo huo, tairi linaweza kumvunja mtu mkono au kumuua. Fundi pancha yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa aliyewahi kuona tairi la lori likipasuka gerejini anaijua hofu hiyo.

Maji nayo yana hadithi yake. Watetezi husifu mifereji ya tairi la gari, kwamba inayasukuma maji pembeni kuliko kashata chache za tairi la pikipiki. Kwa mvua ya kawaida, lami iliyolowa tu, huenda wakawa sahihi. Maji yakituama, hesabu hubadilika. Mwaka 1963 Walter Horne na mwenzake wa NASA walichapisha kanuni iliyotokana na majaribio ya matairi ya ndege: kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea upepo wake, na kwa maili kwa saa ni kama 10.35 mara kipeuo cha pili cha psi. Kwa psi 41, upepo ambao Honda inautaka kwa tairi la nyuma la GL1800, jibu ni kama kilomita 107 kwa saa. Wengi wenye tairi la gari hushusha upepo ili ubavu ulegee na pikipiki ikubali kulala. Kwa psi 32 jibu linashuka hadi kama kilomita 94. Pikipiki si ndege, na kanuni hiyo haiwezi kuhamishwa nzimanzima, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Tairi la mviringo, zaidi ya hayo, hukutana na maji kwa uso mwembamba unaoyapasua, wakati lile bapa huyapokea kwa upana. Jambo lilelile linalolegeza usukani ndilo linaloharakisha kuelea.

Sheria haikulikabili suala hili kwa namna moja. Marekani ina kiwango cha shirikisho namba 119 kinachogusa matairi ya pikipiki na namba 139 kwa matairi ya magari madogo, na katika kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya ni namba 75 na namba 30. Majaribio ni tofauti, kwa hiyo tairi lililofaulu upande mmoja halijasema lolote kuhusu upande wa pili. Ujerumani, pikipiki iliyobadilishwa kwa namna inayoweza kuhatarisha watu hupoteza kibali chake cha kutembea barabarani, na bima huanza kuuliza maswali. Marekani mwenye chombo huachiwa uhuru mpana zaidi, na kizuizi hutokea gerejini: wenye maduka wengi hukataa kazi hiyo kwa kuogopa kushitakiwa. Matokeo yake ni kwamba kazi inayohitaji fundi kuliko nyingine zote hufanywa na mwenye pikipiki peke yake uani kwake. Hili linasikitisha.

Ni haki pia kusema wapi tairi la gari ni sahihi kabisa nyuma ya pikipiki. Pikipiki yenye behewa la pembeni hailali konani, na Wajerumani wamefunga matairi ya gari kwenye vyombo hivyo kwa miongo mingi, wakikaguliwa na kuandikiwa kwenye hati za chombo. Tairi jembamba la 125R15 la Citroën 2CV lilikuwa kipenzi chao. Harley-Davidson ilipoleta Tri Glide ya magurudumu matatu, modeli ya mwaka 2009, iliiwekea nyuma matairi ya saizi ya gari, 205/65R15. Can-Am Spyder, iliyotokea mwaka 2007, ina tairi la nyuma la 225/50R15. Sababu ni ileile inayofanya bajaji ikate kona ya Kariakoo bila kulala: magurudumu matatu husimama yenyewe. Kwa bodaboda wa Afrika Mashariki suala lenyewe halipo, maana tairi la upana wa inchi tatu la Boxer halina ndugu yake kwenye gari. Linawahusu wenye pikipiki pana: Gold Wing, Valkyrie, au Triumph Rocket III ya mwaka 2004, ambayo tairi lake la 240/50R16 lilikuwa adimu na ghali kiasi cha kuwafanya wamiliki wageukie rafu ya magari.

Turudi kwenye ushahidi, kwa kuwa pande zote mbili huutumia vibaya. Upande mmoja unahesabu kilomita. Lakini anayesimulia kilomita zake ni aliyefika, na aliyeshindwa kukwepa kulungu mara nyingi hahusishi ajali na tairi. Polisi huandika kulungu. Upande wa pili unatoa maonyo, na maonyo ya vitabuni hayaambatani na namba. Mwendeshaji anaambiwa ni hatari bila kuonyeshwa pikipiki ileile, dereva yuleyule na barabara ileile ikifunga breki na kukwepa kwa matairi ya aina mbili. Viwanda vina viwanja vya majaribio, vina vipimo na madereva wa kazi hiyo. Kumwambia mtu mzima anayelipia tairi kila mwaka "usifanye" na kuishia hapo ni kumdharau, na mtu aliyedharauliwa hujifungia tairi uani.

Pamoja na hayo, kwa pikipiki ya magurudumu mawili uzito wa hoja unaangukia upande wa kutofunga. Faida za tairi la gari ni za kila siku: fedha, umri, kubeba, na kuvumilia pancha. Hasara yake imejificha katika sekunde mbili ambazo huenda zisije kabisa. Katika sekunde hizo chombo cha magurudumu mawili kina njia moja tu ya kukwepa, nayo ni kulala. Kununua kilomita 30,000 zaidi kwa kudhoofisha njia hiyo ni biashara ambayo msafiri wa peke yake ana haki ya kuifanya kwa shingo yake. Anayebeba abiria ameifanya kwa shingo mbili, na ya pili mara nyingi haikuulizwa.

Viwanda vya matairi vimeshatoa sehemu ya jibu. Matairi ya safari ya siku hizi hutengenezwa kwa mpira wa aina mbili, mgumu katikati kwa ajili ya barabara kuu na laini mabegani kwa ajili ya kona, na yamepunguza pengo la umri bila kuugusa mviringo. Kilichobaki ni bei, na tairi la pikipiki linaloweza kubeba hata likiishiwa upepo. Atakayelileta hilo la pili kwa bei ya kueleweka atakuwa amewapokonya wenye tairi la gari hoja yao bora.

Hadi hapo, kishawishi hakijaondoka. Gold Wing mpya ya mwaka 2018 ilikuja na tairi la nyuma la 200/55R16, ambalo kwa kipenyo linapishana milimita tano na nusu tu na 205/55R16, moja ya saizi za gari zilizoenea kuliko nyingi duniani. Tairi la pikipiki hiyo lina herufi M/C baada ya saizi yake. La gari halina. Anayealikwa kupanda nyuma kwa safari ya siku tatu anaweza kuinama na kuisoma alama hiyo kabla hajavaa helmeti, na asipoiona, amuulize mwenye pikipiki mara ya mwisho alikwepa kitu lini akiwa na abiria.